MBELE YA KUFUNGUA BWATE YA KAMIO



Munaijua kamio ya shule, ile Chevrolet C30 ya mwaka 1979 inayotuletea mahindi, unga na maharagi ya internati. Munajua pia vile ilikaa miezi mitatu nyuma ya jiko, kuku wakilala juu ya motere. Muhula ule tulikula mihogo kupita desturi, na wavulana wakubwa walibeba mifuko ku kichwa toka barabara kubwa. Watu walisema mengi juu ya kamio hiyo. Bwana Prefe alituomba sisi wa darasa la tano mekanike tueleze katika gazeti ugonjwa ulikuwa nini na ulipatikana namna gani. Tumekubali kwa furaha, maana karibu shule iiuze kwa bei ya vyuma, na ilikuwa juu ya kitu kimoja kidogo kinachoingia mu kiganja cha mkono.

Kwanza lazima mujue bwate yake, kwa kuwa haifanani na zile munazozoea. Kamio karibu zote za kwetu ni za kubadilisha kwa mkono: shofere anakanyaga ambreyaji, anasukuma mkono wa vitesi, anaachilia. Yetu iko na pedali mbili tu. Shofere anaweka mkono ku D, anakanyaga esanse, na bwate yenyewe inaamua saa ya kuacha vitesi ya kwanza na kuingia ya pili, kisha ya tatu. Bwate za namna hii zilianza kuuzwa kwa wingi kule Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Yetu inaitwa Turbo-Hydramatic 400. General Motors waliianzisha mwaka 1964, na ilitumika miaka mingi katika magari mazito. Iko na vitesi tatu za mbele na moja ya kurudi nyuma. Ndani yake hakuna kompyuta. Ile iliyorithi kazi yake, 4L80-E, ilianza mwaka 1991, nayo inaongozwa na kompyuta. Fundi anachomeka mashine na kusoma namba ya ugonjwa. Kwetu hakuna namba. Kuko macho, masikio na pua.

Pahali pa ambreyaji ya mguu kuko chombo cha duara kinachoitwa konvertisere. Fikiri feni mbili zinazoangaliana ndani ya chungu kilichojaa mafuta. Feni moja inazungushwa na motere, inatupa mafuta juu ya ile ya pili, na ile ya pili inaanza kuzunguka na kuvuta bwate. Chuma hakigusi chuma. Njo maana kamio inaweza kusimama motere ikiwaka, vitesi ikiwa imeingia, na motere haizimike.

Nyuma ya konvertisere kuko pompa ya mafuta. Pompa hiyo inazungushwa na motere, si na magurudumu, na tunaomba mukumbuke neno hilo, maana tutalirudia kwa haya. Mafuta yanayosukumwa na pompa yanafanya kila kazi: yanapeleka nguvu, yanafunga ambreyaji za ndani, yanalainisha, tena yanabeba joto mpaka mu radiatere. Mafuta yakipungua, bwate ni kama mtu aliyepungukiwa damu. Hakuna kiungo kitakachofanya kazi sawasawa, hata kama kiungo chenyewe ni kizima.

Sasa, bwate inajuaje saa ya kubadilisha? Inasikiliza sauti mbili. Ya kwanza ni ya regulatere: uzito mdogo unaozungushwa na mti wa nyuma. Kamio ikikimbia, uzito ule unafunguka na kuruhusu mafuta kusema, "Tunakwenda mbio, panda vitesi." Ya pili ni ya modulatere. Hiki ni kikopo cha chuma, kidogo kama kopo la nyanya, kimeshikwa kwa nje ya bwate, upande wa kuume, kwa bulo moja tu. Ndani yake kuko utando wa mpira. Tiyo nyembamba inatoka kwake na kupanda mpaka ku motere, pale motere inapovuta hewa. Motere ya esanse ikiwa haina kazi nyingi inavuta kwa nguvu sana. Shofere akikanyaga mpaka chini juu ya mlima, mvuto unaanguka. Kwa njia hiyo bwate inajua mzigo ni mzito ao mwepesi. Mvuto ukianguka, mafuta yanakaza zaidi ambreyaji zisiteleze, na vitesi inachelewa kubadilika kusudi motere isichoke. Ni akili nyingi kwa kopo la nyanya.

Turudie kamio yetu. Papa Shofere alianza kulalamika wakati wa mvua. Alisema mambo matatu. Asubuhi, akiweka D ao R, kamio inangoja kwanza kama mtu anayefikiri, halafu inaruka. Njiani vitesi zinachelewa sana kuingia, na zikiingia zinapiga kama nyundo, mpaka mifuko inacheza nyuma. Tena moshi mweupe mzito unatoka, zaidi wakati wa kuteremka mlima. Alikuwa anaongeza mafuta ya bwate karibu kila juma, lakini chini ya kamio hakukuwa tone hata moja.

Kamio ilipelekwa kwa fundi mmoja wa mjini, ambaye hatutamtaja. Alisikiliza motere dakika mbili, akatazama moshi, akasema: "Motere imekufa segma. Bwate imekufa vilevile. Mutafute ingine." Bei aliyosema ya vitu hivyo viwili, pamoja na safari yake, ilipita pesa za mabati ya bweni la wasichana, zile wazazi walizochanga miaka miwili. Komite ya shule ikakaa mara mbili. Wengine walisema mabati yangoje. Wengine walisema kamio iuzwe. Wasichana wetu walijua neno hilo mbele yetu, na hawakuliona kuwa la kuchekesha.

Mwalimu wetu wa mekanike aliomba Bwana Prefe ampe juma moja. Alituambia: "Fundi amesema wafu wawili. Mimi ninataka kujua kwanza kama kuna mgonjwa mmoja." Alitukataza kufungua bulo hata moja siku ya kwanza.

Tulianza na mafuta. Tunaeleza kwa urefu, sababu watu wengi wanapima vibaya. Bwate hii haipimwi kama motere. Kamio isimame pahali pa sawa, iwe imetembea mpaka mafuta yamepata moto, motere iwe inawaka polepole, freni imefungwa. Shofere anapitisha mkono ku kila vitesi, moja kwa moja, kisha anaurudisha ku P. Hapo tu njo unavuta kijiti. Ukipima motere ikiwa imezimwa, mafuta ya konvertisere yanashuka na kijiti kinadanganya kwamba yako mengi. Mafuta ya baridi nayo yanaonekana chini kuliko ya moto. Yakipita kipimo ni mabaya pia: vyuma vinavyozunguka vinayapiga mpaka yanatoa povu, na povu haliwezi kukaza ambreyaji.

Kisha tazama rangi na unuse. Mafuta mazuri, yale ya Dexron, ni mekundu na safi. Yakiwa ya kahawia nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua, ambreyaji zimeteleza na kuchomeka. Yakiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya radiatere yameingia, na hapo usitembeze kamio hata mita kumi, maana maji yanaharibu gundi ya visahani. Yetu yalikuwa mekundu yaliyoanza kuwa meusi kidogo, na kijiti kilikuwa chini sana. Mwalimu alisema, "Andikeni: yamechoka, hayajafa." (Kuna mafundi wanaotia mafuta ya freni katika bwate inayoteleza. Mipira ya ndani inavimba, kamio inatembea vizuri siku chache, fundi analipwa. Nyuma mipira inalainika na kuoza, na bwate inakufa kabisa. Musikubali.)

Nyuma ya hapo Mwalimu alituonyesha jambo ambalo kwetu lilikuwa tamu kuliko yote. Alisema bwate inaweza kuulizwa maswali bila kufunguliwa. Ndani yake kuko ambreyaji tatu. Tuziite A, B na C. A inakamata katika vitesi zote za mbele. B inaongezwa kwa ya pili. C inakamata kwa ya tatu, na tena kwa kurudi nyuma. Kuko pia mkanda wa nyuma, unaokaza ngoma ya chuma wakati wa kurudi nyuma, na wakati shofere anashusha mkono mpaka mwisho kulazimisha ya kwanza. Na kuko rulibre, sawa na ile ya gurudumu la nyuma la kinga: inazunguka upande mmoja, inakataa wa pili. Hiyo njo inashika vitesi ya kwanza mkono ukiwa ku D.

Sasa uliza. Kamio inarudi nyuma vizuri lakini haiendi mbele kwa vitesi yoyote? A imekufa, ao mafuta hayafiki kwake. Ya kwanza na ya pili ni nzima, lakini ya tatu inateleza na kurudi nyuma pia kunateleza? Usitafute mbali, ni C, maana hao wawili wanakula sahani moja. Ya tatu ni nzima lakini kurudi nyuma hakuna? C haina kosa. Tazama mkanda wa nyuma. Ku D haiondoki, lakini mkono ukishushwa mpaka mwisho inaondoka? Rulibre imevunjika, na mkanda unaifanyia kazi yake. Haiendi pahali popote, mbele wala nyuma? Tazama mafuta, filtre, pompa, na vyuma vinavyounganisha mkono wa shofere na bwate. Tena inama utazame kama kardani inazunguka. Ikiwa inazunguka na kamio imesimama, bwate haina neno. Ugonjwa uko ku ponti.

Tulichora meza hiyo ku ubao mweusi na kuijaza kwa kamio yetu, tukiijaribu mu uwanja wa mpira asubuhi ikiwa baridi. D ilichelewa. R ilichelewa. Tukaongeza mafuta mpaka kipimo. D ikaingia, R ikaingia, vitesi zote tatu zikashika, lakini kwa kuchelewa na kwa kupiga nyundo. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza: kama zote zinaugua pamoja na zote zinapona pamoja, namna gani tuseme ambreyaji ni mbaya? Mwalimu hakujibu. Alimpa chaki.

Ugonjwa basi ulikuwa katika kitu ambacho vitesi zote wanashirikiana, na kitu hicho ni mafuta. Yanapotea. Chini hakuna tone. Yanaenda wapi? Katika kamio hii mafuta ya bwate yasiyomwagika chini yana njia mbili tu za kutorokea. Moja ni ndani ya radiatere. Tulifungua kifuniko, maji yalikuwa safi. Nyingine ni kupitia modulatere. Utando wake wa mpira ukitoboka, motere inayovuta hewa inavuta mafuta pia, inayapandisha mu tiyo nyembamba na kuyachoma pamoja na esanse. Njo moshi ule mweupe. Na kwa nini zaidi wakati wa kuteremka? Kwa sababu shofere akiondoa mguu juu ya mteremko, motere inavuta kwa nguvu kupita wakati wote. Tena utando uliotoboka hausikii tena mvuto sawasawa. Bwate inafikiri kila saa inapanda mlima na mzigo, basi inachelewesha vitesi na kuzikaza kwa nguvu. Nyundo, moshi, mafuta yanayopotea: mlango ni mmoja.

Kuhakikisha kulichukua muda mfupi kuliko kusoma mstari huu. Motere imezimwa na kupoa, mmoja wetu aliingia chini, akachomoa tiyo ya mpira ku modulatere. Mafuta mekundu yalishuka mpaka ku kiwiko cha mkono wake. Pale hapapaswi kuwa mafuta hata tone. Tiyo ingekuwa kavu, tungetafuta mpira uliopasuka ao kulegea njiani, maana tiyo iliyopasuka inaleta nyundo ile ile lakini haili mafuta. Na kama hiyo pia ingekuwa nzima, tungetazama regulatere, kisha ule waya mmoja wa umeme unaoingia mu bwate kwa kazi ya kushusha vitesi shofere anapokanyaga mpaka chini. Waya ule ukikaa na umeme saa zote, vitesi zinachelewa vilevile.

Hapa tuseme neno juu ya kipimo cha mvuto, kwa sababu lilitutesa. Kitabu cha Marekani kinasema motere nzima ikiwaka polepole inavuta pusi 17 mpaka 21. Yetu ilivuta 13 tu, na tukakata tamaa. Tulifikiri fundi wa mjini alisema kweli juu ya segma. Lakini kitabu kinahesabu ukiwa karibu na bahari. Kila mita 300 unazopanda, hewa inakuwa nyepesi na kipimo kinashuka karibu pusi 1. Ziwa Kivu lenyewe liko ku mita 1460, na sisi tuko juu yake. Ongeza pusi 5, utapata 18. Motere ilikuwa nzima. Ni motere ngapi katika milima hii zimefunguliwa bure kwa sababu ya hesabu hiyo, hatujui, lakini yetu ilikuwa karibu.

Ndugu wenye Ford ya zamani yenye bwate C6 wanaweza kufanya uchunguzi ule ule, maana nayo iko na kikopo cha mvuto. Wenye Dodge yenye TorqueFlite wasikitafute. Bwate ile inasikiliza mguu wa shofere kupitia fimbo ya chuma, na fimbo iliyopindika ao kulegea njo ya kuchunguza.

Sasa haya yetu. Siku ambayo batri ilikufa, mbele ya mambo haya yote, sisi wa internati tulisukuma kamio hiyo toka lango mpaka uwanja wa mpira, watu arobaini, tukiimba. Haikuwaka, na haikuweza kuwaka. Pompa inazungushwa na motere. Motere ikilala, hakuna mafuta ya kufunga ambreyaji, na magurudumu hayawezi kuamsha motere hata mukisukuma mpaka Kisangani. La pili ni baya zaidi. Kamio iliporudi toka mjini ilivutwa kwa kamba kilometa nyingi, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, kardani ikiwa mahali pake. Magurudumu yalizungusha vyuma vya bwate, na pompa ililala. Vyuma vilisagana bila mafuta mapya. Kabla ya kuvuta ilifaa kufungua kardani, kazi ya robo saa na funguo moja. Hakuna aliyesema, na wawili kati yetu walikuwa wamekaa juu ya kamio ile siku ile.

Modulatere mpya ilifika nyuma ya majuma tano, ndani ya valisi ya msafiri, imefungwa mu soksi. Tulifungua bulo moja, tukachomoa ya zamani, tukaingiza mpya na mpira wake wa duara, tukabadilisha tiyo. Kisha tulifungua karteri, mabulo 13, kuosha na kubadilisha filtre. Tuliyomwaga yalikuwa karibu litre 4. Bwate nzima inabeba karibu litre 10 na nusu, lakini mengine yanabaki mu konvertisere na hayatoki kwa njia hii. Chini ya karteri tulikuta tope la kijivu laini, ambalo ni kawaida, na chembe nyeusi za visahani, ambazo si kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa hatukuviona.

Moshi uliendelea siku mbili, mafuta yaliyobaki mu tiyo ya moshi yakiungua, kisha ukaisha. Vitesi zinaingia sasa taratibu, mtu mwenye kulala nyuma haamke. Lakini zile chembe nyeusi hazikusema uongo. Na mzigo wa mifuko 30, ku mlima mrefu wa mto, vitesi ya tatu inateleza kidogo motere ikipata moto, na asubuhi R bado inakawia kuliko D. Mumeona meza: ni C. Ilichomeka majuma yale ilipotembea na mafuta machache. Mwalimu ameandika katika daftari ya kamio kwamba bwate itafunguliwa likizo kubwa, ambreyaji moja tu, na bei ya visahani vyake haigusi mabati. Mpaka siku ile Papa Shofere anapanda mlima ule na mkono ku ya pili.

Modulatere ya zamani iko ku dirisha la darasa letu, juu ya kipande cha mbao. Mwenye kutaka kuiona aje siku ya tano saa tisa, lakini asivute tiyo. Bado inatoa mafuta.